Namba ya Mlango wa Umi

Umi Ukasha, mwalimu wa hisabati wa Baleni, kijiji cha kisiwani, alikuwa na tabia moja iliyowachosha nduguze: hakuweza kukupa namba bila kuificha kwanza. Ukimuuliza darasa lake lina wanafunzi wangapi, atakuambia wanapangika kwa safu za sita, na kwa safu za nane vilevile, bila kubaki mtu. Kisha atakutazama akingoja jibu. Mama yake alikwisha kuacha kumuuliza jambo lolote lenye idadi ndani yake.

Kheri aliijua tabia hiyo siku ya kwanza waliyoonana. Yeye alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Kilindoni, mabomba, rangi, misumari na mabati. Umi aliingia akitafuta koki ya tangi la maji la shule, na koki ya kipimo kile haikuwepo.

"Inakuja na mzigo wa boti kutoka Nyamisati," Kheri alimwambia. "Niachie namba nikupigie ikifika."

Umi akaitaja namba yake ya simu, akaishia njiani.

"Bado tarakimu mbili, mwalimu."

"Hizo mbili zisome kama namba moja. Saba ni kigawo chake. Ukizijumlisha tarakimu zake unapata kumi na mbili."

Kheri akacheka. "Mwalimu, mimi nauza koki."

"Ukiijua, utanipigia. Usipoijua, nitakuja mwenyewe kuulizia." Akaaga, akapanda bodaboda, akaenda zake.

Kheri alichukua kipande cha karatasi ya kufungia misumari akaanza kuandika namba ambazo tarakimu zake zinafanya kumi na mbili. Thelathini na tisa. Arobaini na nane. Hamsini na saba. Akaendelea mpaka tisini na tatu. Akaona si nyingi, akaanza kupiga moja baada ya nyingine. Ya kwanza ikapokelewa na mzee wa Mbeya ambaye hakumjua mwalimu yeyote lakini alitaka sana kujua habari za kisiwani. Ya pili ilipokelewa na mwanamke aliyemuuliza mara tatu nani amempa namba ile, akamkatia simu. Hapo Kheri akaona haya. Akairudia ile kauli ya kwanza, ya saba na kigawo, ambayo alikuwa ameipita kama mtu anavyompita asiyemjua njiani. Akazichukua namba zake moja moja, akazitoa saba saba mpaka mwisho. Zote zilibakisha kitu, isipokuwa themanini na nne.

Akapiga.

"Koki imefika?" ikauliza sauti ya Umi.

"Haijafika," Kheri akasema. "Lakini nimekupata."

Ndivyo ilivyoanza. Wengine hutumiana picha za maua. Hawa walitumiana namba zilizofichwa. Umi alituma zake kwa ujumbe wa sauti wakati wa mapumziko ya shule. Kheri alitunga zake kwa vitu vya dukani, misumari iliyofungwa kwa paketi na mabati yaliyopangwa kwa marundo. Mwanzoni alizifumbua kwa ajili ya Umi. Baadaye, na jambo hili lilimshangaza mwenyewe, alizifumbua kwa sababu hakuweza kuziacha.

Siku moja Umi alimwambia kwamba namba yoyote inayogawanyika kwa tisa, tarakimu zake nazo ukizijumlisha zitagawanyika kwa tisa. Kheri hakuamini. Alikaa alasiri nzima akizijaribu namba, moja baada ya nyingine, kama mtu anayetikisa nazi sikioni kusikiliza kama ina maji. Zote zilikubali. Akampigia.

"Kwa nini?"

"Kwa nini nini?"

"Kwa nini tisa inafanya hivyo? Nani kaiambia?"

Umi alifurahi kwa swali lile kuliko alivyopata kufurahi kwa sifa yoyote. "Toa tisa katika kumi. Inabaki ngapi?"

"Moja."

"Katika mia, toa tisa zote zinazotoka."

Kheri akafikiri. "Zinatoka tisini na tisa. Inabaki moja."

"Na katika elfu ni hivyo hivyo. Basi ukiwa na mia tano, kila mia inakuachia moja, zinabaki tano. Hiyo tarakimu unayoiona pale mbele ndiyo mabaki yenyewe. Kuzijumlisha tarakimu ni kuyajumlisha mabaki."

Umi akasikia kalamu ikikwaruza karatasi upande wa pili. Kisha akasikia, polepole, "Kumbe ndiyo maana."

Miezi michache baadaye wazee wa Kheri walikwenda Baleni kuposa.

Wasiojua harusi za pwani wajue hivi. Ndoa ikishafungwa msikitini, bwana harusi hupelekwa kwa kina bibi harusi kumpa mkono mkewe. Akifika, mlango wa chumba haufunguliwi hivi hivi. Ndani wanakaa wanawake na somo wa bibi harusi, yaani yule mtu mzima aliyemfunda, nao huudai upande wa bwana pesa ya kufungulia. Hapo huwa ni kelele na vicheko na kupatana.

Umi hakutaka. Alimwambia hivyo shangazi yake Mize, ambaye ndiye aliyekuwa somo wake.

"Shangazi, mlango wangu usifunguliwe kwa pesa. Mtegee kitendawili cha namba. Akikifumbua, mfungulie."

Bi Mize alikuwa mwanamke mwenye msimamo, amefunda wari wengi Baleni na Kirongwe, na hakupenda mambo ya kuzua. Lakini alilipima jambo lile akaona kitendawili nacho ni mila. "Na akishindwa?"

"Atatoa mji, kama vitendawili vyote. Kisha atatoa na pesa."

"Jibu liko moja?"

"Moja tu, shangazi."

"Basi niambie nilishike."

Umi akamfundisha maneno ya kitendawili na jibu lake, naye akayarudia akisonga ugali mpaka yakamkaa.

Siku ya harusi, baada ya swala ya alasiri, msafara wa Kheri ulifika kutoka msikitini. Mbele alikuwa Kheri mwenyewe, amevaa joho na kilemba. Kulia kwake Ami Suleimani, mdogo wa marehemu baba yake, aliyesimamia shughuli yote. Kushoto alikuwa Valence, afisa kilimo kutoka Bukoba aliyepanga chumba nyumbani kwa kina Kheri, amevaa kanzu ya kuazima iliyomwishia juu ya vifundo vya miguu. Ilikuwa harusi yake ya kwanza ya pwani, na kila kitu alikitazama kwa macho mawili.

Ami Suleimani aligonga mlango wa chumba. "Hodi wenyewe!"

"Nani?" sauti ya Bi Mize ikatoka ndani.

"Wenye mali wamekuja kuchukua mali yao."

"Mali gani? Humu mna kitendawili tu."

Wanawake wakacheka. Ami Suleimani, ambaye hakuwa ameambiwa lolote, alimgeukia Kheri. Kheri alikuwa ameanza kutabasamu.

"Kitendawili!" Bi Mize akapaza sauti.

"Tega!" Kheri akajibu.

"Simu zote mfukoni. Nina namba ya tarakimu tatu. Saba ni kigawo chake, na tisa ni kigawo chake. Ni witiri, si shufwa. Tarakimu zake zinapanda ngazi: ya kati inaizidi ya kwanza, na ya mwisho inaizidi ya kati. Namba gani?"

Ami Suleimani alisema kwa sauti ya chini kwamba witiri yeye anaijua ya swala tu.

Kheri alifumba macho. Saba na tisa hazina kigawo kinachozichanganya ila moja. Kwa hiyo namba inayozikubali zote mbili lazima iikubali sitini na tatu. Akaanza kuhesabu kwa sitini na tatu. Sitini na tatu yenyewe ina tarakimu mbili, si hiyo. Mia moja ishirini na sita inapanda ngazi, ila ni shufwa. Iliyofuata ni mia moja themanini na tisa. Moja, nane, tisa. Inapanda. Witiri.

"Mia moja themanini na tisa!" akasema, na vijana wa upande wake wakashangilia kabla hawajajua kama amepata.

Bi Mize akacheka kicheko kirefu huko ndani.

"Siyo!"

"Siyo?"

"Siyo, bwana harusi. Nipe mji!"

Vigelegele vikapasuka ndani, vya kejeli, na kinamama wa uani wakaitikia.

Kitandani, chini ya shela, Umi alikuwa ameinamisha kichwa kama alivyofundwa. Aliposikia jibu la Kheri akadhani ameteleza katika kuhesabu, na siku ile watu wote wanamsikiliza. Ila mtu aliyezoea kusahihisha hawezi kulisikia jibu akaliacha. Moja na nane na tisa, kumi na nane. Basi tisa imo. Saba mara ishirini na saba, mia moja themanini na tisa. Basi saba imo. Witiri. Inapanda.

Akairudia hesabu, ikatoka vilevile.

Yeye alikuwa ameanza na mia tano sitini na saba. Aliipenda kwa jinsi tarakimu zake zinavyofuatana, tano, sita, saba, kisha akatafuta maneno ya kuielezea. Maneno yalipatikana, mazuri, yote ya kweli. Hakujiuliza hata mara moja ni nani mwingine anayefanana na maneno yale.

Akaivuta kanga ya Bi Mize. "Shangazi," akanong'ona. "Jibu lake ni sahihi."

"Bibi harusi hasemi."

"Shangazi, nisikilize. Nimekosea mimi."

Bi Mize alimwinamia. "Jibu uliloniambia ni lipi?"

"Mia tano sitini na saba."

"Yeye kasema hilo?"

"Hakusema, lakini..."

"Basi. Nilikuuliza kama jibu ni moja, ukaniambia moja. Nikimfungulia huyu kwa jibu jingine, kesho kwenye mlango wa mwenzio atakuja mtu na lake, na wote watasema Mize wa Baleni anafungua kwa lolote." Akamrekebishia shela begani, kwa upole. "Nyamaza, mwanangu. Kama anakutaka, atalitafuta."

Nje, Ami Suleimani alikuwa amekwisha kuamua. "Mpe mji, mwanangu. Pilau linapoa na watu wana njaa. Mpe mji, mimi nina pesa hapa, tuingie."

"Bukoba!" Valence akapiga kelele, akiwa amefurahi kwamba kuna jambo moja la kusaidia.

"Bukoba mbali, sina nauli," Bi Mize akajibu, na nyumba nzima ikacheka.

Kheri peke yake hakucheka. Alikuwa anazirudia tarakimu zake. Angekuwa amekosea angejua amekosea wapi, maana kosa huacha alama. Hapa hapakuwa na alama.

"Ami, sitoi mji," akasema. "Jibu langu halina kasoro."

"Wenyewe wamesema siyo."

"Na wao hawasemi uongo." Alisimama akitazama mbao za mlango. "Jibu langu linafaa, na jibu lao ni jingine. Basi ziko zaidi ya moja. Nilisimama nilipoipata ya kwanza."

Akaketi barazani na joho lake, jambo lililomuuma Ami Suleimani, maana joho lilikuwa la kukodi. Akaomba kalamu. Valence alikuwa nayo, na karatasi ikawa ni kifuniko cha boksi la halua. Kheri akaanza kuteremka, akiongeza sitini na tatu kila mstari. Mia mbili hamsini na mbili haikupanda. Mia tatu kumi na tano haikupanda. Mia tatu sabini na nane ilipanda vizuri, lakini ni shufwa, akaikata.

"Mia nne thelathini na moja," akaandika.

"Arobaini na moja," Valence akasema juu ya bega lake. "Sabini na nane ukiongeza sitini na tatu."

Kheri akahesabu tena. "Kweli. Mia nne arobaini na moja. Ahsante." Pale peke yake angepotea moja kwa moja.

Watu walianza kusogea. Wale waliokuwa wakiulizia pilau sasa walikuwa wamenyoosha shingo. Mia tano na nne. Kisha akaandika mstari uliofuata, na Valence akavuta pumzi. Tano, sita, saba.

"Hiyo hapo! Sema!"

Kheri alifungua mdomo, akaufunga. "Ngoja."

"Ungoje nini tena?" Ami Suleimani akauliza.

"Nilisema haraka mara ya kwanza. Kama ziko mbili, huenda ziko tatu. Nataka nijue."

Akaendelea. Mia sita thelathini. Mia sita tisini na tatu, inaanza na sita inapanda tisa halafu inaanguka tatu. Mia saba hamsini na sita. Mia nane kumi na tisa. Mia nane themanini na mbili. Mia tisa arobaini na tano. Baada ya hapo ikaja elfu moja na nane, tarakimu nne, na njia ikawa imekwisha. Akaupitisha ukucha wake juu ya mistari yote kutoka juu hadi chini, akasimama, akaja mlangoni.

"Bi Mize."

"Nipo. Umepata mji?"

"Namba yako ni mia tano sitini na saba. Na yangu, mia moja themanini na tisa, nayo imo katika maneno yako yale yale. Ya tatu hakuna. Nimefika mpaka mwisho."

Ndani ya chumba, Umi naye alikuwa ameimaliza njia ile kwa kuhesabu vidoleni chini ya shela, na alikuwa ameikuta mia tisa arobaini na tano muda huo huo. Aliposikia "ya tatu hakuna," kicheko kilimtoka. Hakikuwa kicheko cha bibi harusi. Kilikuwa kicheko cha wazi, cha mtu aliyefurahi, na wanawake wakatazamana, na wanaume nje walikisikia.

"Huyu mtoto ataniaibisha," Bi Mize akasema, akavuta komeo.

Vigelegele vya safari hii havikuwa vya kejeli. Kheri akaingia. Akaweka mkono juu ya kipaji cha uso wa Umi, akasoma dua. Wanawake wakatoka mmoja mmoja, kama ada ilivyo, mlango ukarudishwa.

Kwa mila, bibi harusi hasemi mpaka abembelezwe na apewe kitu. Umi alifunua shela.

"Ulianzia wapi?"

"Chini. Nikapanda kwa sitini na tatu." Kheri akaketi pembeni ya kitanda. "Wewe je?"

"Mimi nilianza na jibu. Niliipenda ile namba, nikaieleza." Akatikisa kichwa. "Kheri, nimeifundisha hesabu hii miaka. Kila siku nawaambia watoto, usisimame kwenye jibu la kwanza. Mimi mwenyewe nilisimama."

"Hata mimi."

"Wewe uliendelea."

"Kwa sababu shangazi yako kakataa kufungua." Wakacheka wote wawili. Kisha Kheri akakunja uso kama anavyofanya akiwa dukani. "Kilikosa nini kile kitendawili ili kibaki na jibu moja?"

"Ningesema tarakimu zinafuatana."

"Hapo ungekuwa umelitoa jibu lenyewe."

"Kweli." Umi akafikiri, akigongagonga ukucha mwekundu juu ya goti. "Hizi namba mbili zinatofautiana kila mahali. Tuchukue ya kati. Nane na sita. Zote shufwa."

"Sema tatu ni kigawo cha ile ya kati."

Umi akaijaribu. Sita ikakubali, nane ikakataa. "Na nikiitaka ile yako?" akauliza.

"Nne ni kigawo cha ile ya kati."

"Haya. Sasa sikiliza, kama tungeondoa witiri..."

Mlango ukagongwa. "Mnazungumza nini huko hivyo?" Bi Mize akauliza. "Watu wanangoja picha!"

"Tunakuja, shangazi!"

Lakini Bi Mize mwenyewe hakungoja. Tangu alipofungua komeo alikuwa na kitu kilichomkera. Alitoka uani, akamkuta Valence ameshika sahani ya pilau, akamvuta kando.

"Kijana, ulikuwa unamsaidia kuhesabu. Hiyo mia moja themanini na tisa, kweli inagawanyika kwa saba?"

"Shikamoo, mama. Kweli kabisa. Mara ishirini na saba." Akaitoa simu yake. "Tazama."

"Marahaba. Simu irudishe. Simu inasema kitu, mimi nakubali tu, nimejua nini?" Akaagiza choroko kutoka jikoni, zikaja kwenye bakuli. "Nionyeshe kwa hizi."

Valence aliweka sahani chini. Wakaketi kwenye mkeka, wakazihesabu choroko mpaka zikafika mia moja themanini na tisa, kisha Bi Mize akaanza kuzigawa katika mafungu saba, moja moja, akizunguka. Akapita mtu, akauliza wanafanya nini, akachuchumaa. Akaja mwingine. Ami Suleimani akaja kuulizia mpiga picha, akaishia kushika fungu la tano lisichanganyike na la sita, kwa sababu mtoto wa mtu alikuwa anatambaa karibu.

Kheri na Umi walipotoka wameshikana mikono, hakuna aliyepiga kigelegele. Migongo yote ilikuwa imewaelekea, na watu walikuwa wameuzunguka mkeka vichwa vimegusana. Umi akanyanyua gauni akasogea kuchungulia.

"Zimetoka sawasawa?" akauliza.

"Nyamaza kwanza," Bi Mize akasema bila kuinua kichwa, kidole kikiwa kwenye fungu la mwisho. "Naanza upya, mmenipotezea."